Kivuli cha Uani

Safu ya Jumapili, na Idrisa Mwambene

Watu watatu, wawili wa hapa Mbeya na mmoja wa Kihesa, Iringa, wameniuliza mwaka huu swali moja, nalo ni kama waukate mparachichi uliosimama nyuma ya nyumba ili wapate mahali pa kupanda mboga. Wote niliwasihi wasubiri. Na kwa kuwa sikuwa na wasaa wa kuwaeleza sababu zangu kwa utulivu, naziweka hapa, nikiamini kuwa wako na wengine ambao shoka lao limekwisha kunolewa na hawajapata mtu wa kuwashika mkono.

Ua wa nyumba za miji yetu hii miwili aghalabu ni ukanda mwembamba uliobanwa baina ya ukuta wa jiko na uzio wa jirani. Mwenye nyumba hujenga akakaribia mpaka wa kiwanja, jirani naye akajenga vivyo hivyo, mti uliopandwa na marehemu baba ukatanda juu ya vyote, na kile kipande cha ardhi kilichosalia, kwa sababu hakipati jua la kutwa, huhesabiwa kuwa ardhi iliyokufa, kikarundikwa mabati ya zamani na matairi, au kikapigwa sakafu ya saruji, hali mwenyewe anapeleka fedha sokoni Mwanjelwa kila jioni kununua fungu la chainizi ambalo lingeweza kuota hatua 20 kutoka mafigani pake. Jambo hili hunihuzunisha kila nipitapo vichochoroni, maana udongo wa mlimani ni amana, na kuufunika saruji kwa sababu ya kivuli ni kuuhukumu bila kuusikiliza.

Yafaa kwanza mtu akijue kivuli chake. Sisi tuko kusini ya ikweta, Mbeya takriban nyuzi 9 na Iringa karibu 8, kwa hiyo jua la adhuhuri katika Juni, wakati baridi imeshika, hupita upande wa kaskazini, na katika Desemba hupita upande wa kusini. Hutusimamia utosini mara mbili tu kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Ukuta wa mita 2, jua lifikapo juu kabisa mwezi wa Juni, hutupa kivuli cha kama mita 1 na robo upande wake wa kusini. Mwezi wa Desemba ukuta ule ule hutupa kivuli cha nusu mita tu, tena upande wa pili. Basi tuta lililo kusini mwa nyumba, ambalo Julai hushinda katika ubaridi, laweza kupata nuru ya kutosha mvua zinapoanza. Na mtu asomaye kitabu cha bustani kilichoandikwa Uingereza, ambako upande wa kusini wa ukuta ndio unaosifiwa kwa joto, akakifuata neno kwa neno huku kwetu, atapeleka nyanya zake mahali pasipozistahili, wala kosa halitakuwa la kitabu.

Nayasema haya kwa kuyaonja. Nilipohamia nyumba niliyo nayo sasa, chini ya mlima Loleza, kwa misimu miwili nilipanda mchicha chini ya mparachichi nikavuna vijiti: shina refu, jembamba, lililoinama upande mmoja, na majani manne matano ya rangi ya manjano nchani. Niliongeza samadi, vijiti vikazidi urefu. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Tukuyu, alikuja jioni moja kuomba moto, akasimama kuvitazama, akasema, “Mwanangu, huo unatafuta jua, hautafuti mbolea.” Kesho yake nilichonga vigingi vya mianzi, na kila saa, toka saa mbili asubuhi hata saa kumi na moja jioni, nikachomeka kimoja pale mwanga ulipokoma. Jioni ua wote ulikuwa umeandikwa. Pembe ya tangi la maji ilipata jua saa nne kamili; kando ya ukuta wa jiko, saa mbili na kitu; na shinani pa mti hapakufika ila madoadoa ya nuru yaliyohama kila upepo ulipovuma.

Mchicha, kama mahindi na muwa, ni katika mimea iliyoumbwa kwa jua kali, na kuudai ustawi gizani ni kuudhulumu. Nyanya nazo hutaka saa sita na zaidi, na kivulini umande hukaa juu ya majani yake hata mchana, bakajani likapata makazi; sitamshawishi mtu azijaribu. Lakini spinachi, saladi, chainizi na vitunguu vya majani hutosheka na jua la saa tatu au nne, na kotmiri hasa hukiona kivuli kuwa neema, kwa kuwa juani hukimbilia kutoa maua kabla mpishi hajafaidi majani yake. Nanaa hupenda ubichi na kivuli, ila ina tabia ya kutambaa na kunyang'anya wenziwe ardhi, basi na ifungwe ndani ya ndoo iliyotobolewa kitako.

Shinani pa mparachichi jembe lisiingie. Mizizi yake ya kunyonya hukaa juujuu, na anayelima hapo huujeruhi mti pasipo kupata mboga. Mimi nimeweka magunia ya udongo kwenye pembe ya tangi, kwa kuwa gunia lina fadhila ambayo tuta halina, nayo ni kuhamishika jua linapohama. Na ukuta wa jiko nimeupaka chokaa, ukarudisha nuru juu ya saladi kiasi ambacho mke wangu alikitambua kabla yangu.

Wala maarifa haya hayakuanza na sisi wa mijini. Wazee wa Rungwe walipanda magimbi chini ya migomba, na wa Kilimanjaro, katika vihamba vyao, waliweka kahawa chini ya mgomba na mgomba chini ya miti mirefu, kila mmea ukipewa sehemu ya jua iliyo haki yake. Milima ya Usambara iliki imestawi chini ya miti ya msitu, ingawa sikushauri kuileta Mbeya, kwenye mita 1,700 na baridi yake. Watu hao hawakuwa na uhaba wa shoka.

Yule wa Kihesa amenipigia simu juzi. Mti hajaukata, ameondoa matawi matatu ya chini upande wa kaskazini, akapiga vigingi siku nzima pamoja na watoto, na ameona kuwa kando ya shimo la majivu pana jua la saa tatu na nusu ambalo kwa miaka 11 lilikuwa likiangukia matofali. Matofali ameyaondoa. Ameniomba mche wa nanaa, nami nimekwisha kuutia katika kopo, unangoja basi la Jumatatu.