Vyandarua Vihesabiwe kwa Malazi, Si kwa Kaya

Katika taarifa za afya, kaya ikiwa na chandarua kimoja chenye dawa huingizwa katika hesabu ya kaya zenye vyandarua, hata kama nyumbani humo wamo watu saba na wanaolala chini ya chandarua hicho ni wawili. Hesabu ya namna hiyo ina manufaa yake. Ni rahisi kuikusanya, na huonyesha upesi kama ugawaji umefika kijijini au haukufika. Hata hivyo, mbu humtafuta mtu mmoja mmoja, kwa harufu ya mwili wake na kwa pumzi aitoayo, na kaya iliyokwisha kuhesabiwa kuwa imekingwa huweza kuwa na watu watano wanaoumwa na mbu usiku kucha.

Uchunguzi wa kitaifa wa malaria uliofanyika Tanzania mwaka 2017 ulionyesha kwamba takribani kaya 78 katika kila kaya 100 zilikuwa na angalau chandarua kimoja chenye dawa. Lakini kaya zilizokuwa na chandarua kimoja kwa kila watu wawili, ambacho ndicho kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, zilikuwa chini ya nusu. Nafasi iliyopo kati ya takwimu hizo mbili ina watu ndani yake, na si vigumu kuwatambua. Chandarua cha kwanza hufungwa kwenye kitanda cha baba na mama pamoja na mtoto anyonyaye, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa mtoto mchanga na mama mjamzito ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Wanaobaki nje ni watoto wa umri wa shule, wanaolala watatu au wanne kwenye mkeka mmoja. Hawa huambukizwa mara nyingi bila kuugua sana, kwa kuwa miili yao imekwisha kujenga kinga kidogo. Huenda shuleni na vimelea katika damu, na mbu anayewauma huvichukua na kumpelekea yule mchanga siku atakapotoka chini ya chandarua chake.

Yafaa ieleweke kwamba chandarua chenye dawa hakifanyi kazi ya pazia tu. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi huuma zaidi usiku wa manane, wakati watu wamelala, na anapoikaribia harufu ya mtu hugusa wavu na kufa. Kwa hiyo vyandarua vikiwa vingi kijijini, idadi ya mbu hupungua, na umri wao hufupishwa kabla vimelea havijakomaa ndani yao. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hata watu wasio na vyandarua walipata nafuu ikiwa waliishi ndani ya mita 300 kutoka nyumba zenye vyandarua. Manufaa hayo ya jirani hayaji kwa chandarua kimoja kimoja kilichotawanyika. Huja pale wengi wanapolala ndani.

Bonde la Kilombero ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu ndipo lilipochunguzwa kwa muda mrefu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 vyandarua na dawa ya kuvitia viliuzwa kwa bei nafuu katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyotolewa na watafiti mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Dawa chache zimewahi kuonyesha mafanikio ya kadiri hiyo vijijini.

Lakini bonde hilo lina funzo la pili ambalo halitajwi sana. Mkulima wa mpunga wa Kilombero ana nyumba mbili. Moja iko kijijini, penye shule, zahanati na ofisi ya serikali ya kijiji. Ya pili ni kibanda au dungu la shambani, katikati ya maji, ambako familia huhamia wakati wa kulima na kuwinga ndege, na wengine hawarudi mpaka mpunga umevunwa. Kuta zake ni za matete au hazipo kabisa, na mazalio ya mbu yako mlangoni. Sasa mwandikishaji wa kampeni huikuta familia hiyo kijijini, huwahesabu watu sita na kuiandikia vyandarua vitatu. Msimu ukifika, mama na wadogo huenda shambani na vyandarua viwili. Wanafunzi hubaki kijijini na bibi yao, na kilichobaki ni kimoja. Katika daftari kaya hiyo imekamilika. Si kweli kwamba watu hawa hawajui faida ya chandarua: hukifunga kwenye vijiti, hukikunja asubuhi, hukibeba pamoja na jembe na sufuria. Wamepungukiwa vyandarua, wala hawajapungukiwa elimu, na mahubiri ya usafi hayaongezi idadi ya vyandarua.

Ubishi wa zamani juu ya bei nao umekwisha kujibiwa, ingawa bado huibuka. Kulikuwa na hoja kwamba kitu cha bure hudharauliwa, na kwamba mwananchi akichangia ndipo atakapokitunza. Tanzania ilijaribu njia ya kati kuanzia mwaka 2004 kwa Hati Punguzo, ambayo mama mjamzito alipewa kliniki, naye akaongeza fedha kidogo dukani. Mpango huo ulifanya mengi mema, hasa kwa kuwafanya wenye maduka waweke vyandarua hata vijijini, lakini kile kiasi kidogo cha kuongeza kilikuwa kidogo kwa mwenye mshahara tu. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba bei ya chandarua kwa wajawazito ilipopandishwa kutoka bure hadi senti 60 za dola, waliokichukua walipungua kwa asilimia 60. Tena waliopewa bure hawakukitumia kwa uchache kuliko walionunua.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni uchakavu. Vyandarua hivi hukadiriwa kudumu miaka mitatu, na kampeni za ugawaji hupangwa kwa hesabu hiyo. Uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania umeonyesha kwamba aina kadhaa zilizotumika sana zilidumu kwa wastani wa miaka miwili hadi miwili na nusu tu. Kitanda cha miti kina vijiti vinavyochana, panya hutafuna, kibatari huunguza, na chandarua kinachofungwa na kufunguliwa kila siku katika chumba chenye kazi nyingi hakiwezi kulinganishwa na kile cha maabara. Picha za vyandarua vinavyozungushia mabanda ya kuku na vitalu vya mboga hupendwa sana na wanaotaka kuwalaumu wanavijiji. Vingi kati ya hivyo ni vikuukuu vilivyokwisha kuhudumu. Yapo matumizi mabaya ya kweli, hasa ya kuvulia samaki wadogo, nayo yapaswa kukomeshwa. Lakini si sababu ya kumnyima chandarua kipya mtu ambaye cha kwake kimeoza.

Zaidi ya hayo, mbu wamepata usugu dhidi ya pairethroidi, dawa zilizoundwa viwandani kwa mfano wa sumu ya maua ya pareto. Watafiti walioko Tanzania wamefanya kazi kubwa hapa. Majaribio ya Muleba, mkoani Kagera, yalionyesha kwamba chandarua kilichoongezwa kemikali ya kuvunja usugu kilikuwa bora kuliko cha kawaida, na yale ya Misungwi, mkoani Mwanza, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha ubora wa chandarua chenye klofenapiri, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2023. Vyandarua hivi vipya ni ghali zaidi. Pana hatari basi kwamba fedha zilezile zitanunua vyandarua bora lakini vichache, na upungufu uanze tena kwenye ule mkeka wa watoto.

Fedha zenyewe kwa sehemu kubwa zimetoka nje, na mwaka 2025 Marekani ilipunguza sana misaada yake ya afya kwa mataifa mengine. Katika hali hiyo ugawaji mkubwa wa mara moja kila baada ya miaka mitatu hauna budi kupewa nafasi ya pili. Njia za kudumu zipo tayari: kliniki ya wajawazito, chanjo ya watoto, na shule za msingi, ambazo zilianza kutumiwa kugawa vyandarua mwaka 2013 katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Kinachokosekana ni akiba katika zahanati ya kijiji, ambayo mtu anaweza kuiendea mwezi wowote akiwa na chandarua kilichochakaa mkononi na kurudi na kipya. Daftari la ugawaji nalo libadilishwe: mwandikishaji aulize watu hulala wapi, mahali pangapi, na kama kaya ina nyumba ya shambani, na katika mabonde ya mpunga akiba hiyo ijazwe kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, wakati familia bado ziko kijijini.