Bunduki si komeo la mlango



Natoa maoni yangu juu ya jambo lililozua mabishano makali kijijini kwetu hapa Muleba: kwamba kila mwenye nyumba arahisishiwe kupata bunduki ili ajilinde na wezi.

Sisemi kama mtu ambaye hajaibiwa. Usiku mmoja, baada ya malipo ya kahawa, wezi waliangusha mlango wangu kwa jiwe lile linalojulikana kama Fatuma. Walichukua baiskeli, redio na betri ya sola. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa chumbani na panga mkononi, watoto wako chini ya kitanda. Tulipiga yowe mpaka sauti ikakauka. Hakuja mtu. Kulipopambazuka majirani waliniambia kwamba waliogopa, maana walidhani wezi wana bunduki.

Katika mkutano wa kijiji mzee mmoja alisema, "Mwalimu angekuwa na bunduki wasingethubutu." Watu walimpigia makofi. Nakiri kwamba nami nilipiga.

Lakini wiki chache baadaye, saa nane za usiku, nilisikia mtu akihangaika mlangoni. Nikanyanyua panga. Kumbe ni mtoto wa jirani, mwanafunzi wangu wa darasa la sita! Mama yake alikuwa ameshikwa na uchungu, nao walitaka niwapigie simu mwenye pikipiki. Panga lilinilazimu kungoja mpaka nione uso wa mtu. Risasi ingepita kwenye ubao wa mlango.

Kwa upande wa sheria, haki ya kujilinda tunayo tayari. Kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu mtu kulinda nafsi yake na mali yake, kwa nguvu zinazostahili hatari iliyopo. Na bunduki haikukatazwa. Sheria ya mwaka 2015 inaruhusu kuomba kibali, ila silaha itunzwe mahali salama. Sasa nawauliza wenzangu, mlango ukianguka saa nane za usiku, nani atamngoja mwenye nyumba atafute ufunguo wa sanduku? Bunduki hiyo ataondoka nayo mwizi.

Sisi watu wa Kagera tusingepaswa kufundishwa hili. Wazee wa Bukoba wanakumbuka majeshi ya Idi Amin yalivyovamia mwaka 1978. Baada ya vita vile silaha zilibaki mikononi mwa watu wasiostahili. Baada ya mwaka 1994, vita vya jirani zetu vilipoleta wakimbizi wengi Ngara, silaha nyingine zilipenya, na kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalipita misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na askari. Hakuna aliyetengeneza bunduki zile kwa ajili ya kuteka mabasi. Zilipita mkono hadi mkono tu. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha wa miezi miwili kwa watakaosalimisha silaha haramu. Itakuwa ajabu sisi tuombe nyingine ziingie vijijini.

Tatizo letu ni yowe lisiloitikiwa. Nyumba zetu zimetawanyika, kila moja imezama ndani ya kibanja chake, na migomba inaficha kila kitu. Kituo cha polisi kiko mbali. Sungusungu walipoanza Usukumani miaka ya 1980 walikuwa na filimbi, pinde na mishale, na wezi wa ng'ombe waliwaogopa. (Ni kweli pia kwamba walipita kiasi, wakaua watu kwa kushukiwa tu. Hilo tusiliige.)

Naiomba serikali ya kijiji ipitishe sheria ndogo: asiyeitikia yowe atozwe faini, na zamu za doria zipangwe pamoja na mgambo na polisi wa kata. Kitongoji chetu kimekwisha kuanza bila kungoja. Zamu yangu ni Alhamisi, pamoja na yule mzee wa mkutanoni. Bado anataka bunduki, lakini hajakosa hata siku moja.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muleba, Kagera.