Njia ya mkato humponza aliyejitolea

Ndugu Mhariri,

Nina maoni juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni tabia ya kutafuta njia ya mkato katika kazi iliyojengwa na watu wanaojitolea.

Likizo iliyopita alinitembelea kijana niliyemfundisha darasa la saba, ambaye sasa anasomea kompyuta chuoni. Alinieleza habari za mtandao uitwao Tor, unaotumika tangu mwaka 2002 kuwasitiri watu wanaosoma na kuandika katika intaneti. Alichukua bahasha tatu mezani pangu, akaingiza moja ndani ya nyingine. Ujumbe hufungwa hivyo, alisema, ukapitishwa katika vituo vitatu, na kila kituo hufungua bahasha yake tu. Kituo cha kwanza humjua mtumaji lakini hakijui ujumbe unakokwenda. Cha kati hakijui mwanzo wala mwisho. Cha tatu hujua unakokwenda lakini hakimjui mtumaji. Vituo hivyo ni maelfu, na vingi huendeshwa na watu wanaojitolea kwa mitambo na fedha zao wenyewe.

Hadi hapo hatukuwa na ubishi. Ubishi ulianza aliposifu programu moja ya miaka ya nyuma, tortunnel, iliyoviruka vituo viwili na kwenda moja kwa moja kwenye kile cha mwisho ili kupata mwendo wa kasi. Alidai kuwa mtumiaji wake hamdhuru mtu, ila anahatarisha siri yake mwenyewe. Tena anapunguza mzigo, kwani anatumia kituo kimoja badala ya vitatu.

Ndugu Mhariri, sikubaliani naye hata kidogo. Vituo vitatu havimlindi mtumaji peke yake. Vinamlinda na mwenye kituo. Usalama wa mwenye kituo cha mwisho ni kwamba hana la kusema. Akija mwizi, au mtu mwenye nguvu kumlazimisha amtaje mtumaji, hawezi kumtaja kwa sababu hamjui. Lakini njia ya mkato ikipita kwake, mtambo wake unajua yote mawili: nani ametuma na ametuma wapi. Hapo umegeuzwa ghala la siri za watu, na kila mwenye nia mbaya ataona faida ya kuuvunja. Wala mvunjaji hahitaji kuwa na hakika. Kudhani tu kunamtosha.

Watu hawa tayari wana mashaka ya kutosha. Mwaka 2017 huko Urusi, mwalimu wa hisabati Dmitry Bogatov, aliyekuwa akiendesha kituo cha mwisho, alikamatwa kwa maandishi ya uchochezi ambayo alikana kuyaandika. Aliwekwa mahabusu, kisha kizuizini nyumbani, na mashtaka yakafutwa mwaka 2018. Yeye hakuponzwa na njia ya mkato. Ikiwa hayo humpata asiyejua kitu, itakuwaje kwa yule ambaye watu wanaamini anajua kila kitu?

Watengenezaji wa Tor waliiona hatari hiyo, na vituo vyao sasa humkatalia anayebisha hodi moja kwa moja kwenye kituo cha mwisho. Ni hatua nzuri, lakini kufuli halimfundishi mtu ustaarabu.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu wa njia ya mkato hali na wa kwao. Anamwachia mtu asiyemjua, aliyemfungulia mlango bure. Nawaomba vijana wetu wanaosomea kompyuta, kabla ya kujisifu kwa kasi, wajiulize kwanza ni nani atakayebeba hatari waliyoikwepa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpwapwa.