Tujue barabara inatitia kabla haijaua





Tumezoea kuitazama barabara kwa juu. Lami ikipasuka tunasema imeharibika. Ikiwa laini tunasema ni nzima. Kumbe maradhi yake mara nyingi huanza katika udongo uliobeba tuta. Maji hupenya na kuuchukua udongo kidogo kidogo, na lami hubaki imekaa juu ya uwazi. Sisi tunaoishi penye udongo mweusi wa mbuga tunajua pia jinsi unavyovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi.

Machi 2018 huko Suswa, Kenya, ufa mkubwa uliikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok baada ya mvua nyingi. Tarehe 1 Mei 2024 yalitokea makubwa zaidi katika jimbo la Guangdong, China. Kipande cha barabara kuu, urefu wa mita 18 hivi, kilibomoka usiku. Magari yalitumbukia moja baada ya jingine, na watu 52 walikufa.

Hapa kwetu shimo likitokea tunaweka matawi ya miti barabarani ili dereva ajihadhari. Lakini tawi huwekwa baada ya shimo kuonekana. Sasa kuna njia ya kupata onyo mapema zaidi, nayo ni nyuzi za kioo, jamii moja na zile za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Waya wenye nyuzi hizo hufukiwa ndani ya tuta, kisha mashine hupeleka mwanga ndani yake. Sehemu ndogo ya mwanga hurudi. Ardhi ikititia, waya huvutika na mwanga unaorudi hubadilika. Muda uliotumia kurudi huonyesha ni mita ya ngapi. Waya mmoja waweza kulinda kilomita nyingi.

Wapo watakaosema kwamba Mkongo umekwisha kupita kandokando ya barabara zetu, basi utumike huo. Hautoshi. Nyuzi za mawasiliano hulegezwa makusudi ndani ya waya ili zisivutwe, lakini za kupimia ni lazima zishikane na udongo. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuzitandika ni tuta linapojengwa, si baada ya lami kumwagwa.

Mashine ya kusomea ni ghali, wala sisemi tuanze na kila barabara. Tuanze na matuta marefu ya mabondeni, maingilio ya madaraja na sehemu za mbuga, na jambo hili liandikwe katika mikataba ya ujenzi tangu mwanzo.

Hata hivyo, waya hauwezi kufunga barabara. Mwanafunzi anayejua jibu akanyamaza hapati maksi. Lazima awepo mtu anayesoma vipimo hivyo kila siku ya mvua, mwenye madaraka ya kusimamisha magari usiku huo huo bila kungoja barua kutoka makao makuu.

Wahandisi wetu walitafakari jambo hili. Abiria wa basi la usiku hawezi kuona kilicho chini ya lami.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Shinyanga.