Choya lina soko, lakini bei iko kwenye ukaushaji

WAKULIMA wengi wa maeneo yenye mvua haba hulipanda choya, au rozela, kandokando ya shamba la mtama au mahindi. Ni zao la ukoo mmoja na bamia na pamba, linalostahimili ukame na kukomaa kwa miezi minne hadi sita.

Kinachouzwa kwa jina la "maua" si ua lenyewe. Ua huchanua siku moja tu, kisha hudondoka. Kinachobaki ni kikombe chekundu kinene kinachozunguka tumba la mbegu, na hicho ndicho hutoa juisi, mvinyo, jamu na chai. Majani nayo ni mboga yenye uchachu.

Choya huchanua siku zinapokuwa fupi. Anayechelewa kupanda hupata miti mifupi inayowahi kuchanua na mavuno kidogo.

Soko la nje lipo. Ujerumani na Marekani ni wanunuzi wakubwa, na Sudan, ambako kinywaji chake huitwa karkade, imesifika kwa ubora. Vita vilivyoanza huko Aprili 2023 vimevuruga kilimo na usafirishaji. Hata hivyo, pengo hilo linagombewa pia na China, Thailand, Nigeria na Misri.

Nigeria yenyewe ina funzo. Mwaka 2017 Mexico, mnunuzi wake mkubwa, ilisitisha kupokea choya lake kutokana na masharti ya afya ya mimea. Mzigo ulikuwapo, lakini soko lilifungwa.

Mfanyabiashara naye apige hesabu mapema. Takriban kilo 10 mbichi hutoa kilo moja kavu. Kwa mfano, akinunua mbichi kwa Sh500 kwa kilo, kilo moja kavu imeshamgharimu Sh5,000, bado vibarua wa kuchuma na kutoa mbegu, magunia na usafiri.

Hesabu hiyo huharibika kabisa choya likianikwa chini. Mchanga na ukungu hushusha daraja, na jua kali hufifisha wekundu. Chekecheke zilizoinuliwa kivulini, penye hewa ya kutosha, hazihitaji mtaji mkubwa.

Mkulima asilifuatishe choya baada ya bamia au pamba, kwani wadudu wake ni wale wale. Na kabla ya kuongeza ekari, vikundi vikubaliane na mnunuzi kwa maandishi juu ya kiwango cha ukavu, usafi na bei. Bila hivyo, ni salama zaidi kuanza na soko la juisi la mji wa jirani.