Betri Yake, Kufuli Lao

Siku kadhaa sijaandika hapa, kazi imenibana. Lakini hili la juzi siwezi kulinyamazia.

Nilipanda boda ya stima kutoka Westlands kwenda Kawangware. Njiani chaji ikaanza kuisha. Tukapita kabati la kubadilishia betri, zimejaa chaji, zimepangwa vizuri. Nikamwambia dereva, "Mkubwa, si tubadilishe hapa?" Akacheka. "Hizo si zetu, bosi. Ni za kampuni nyingine." Tukageuza tukarudi kutafuta kabati lao. Mimi nikachelewa, yeye akapoteza mteja aliyekuwa akimngoja steji.

Jamani! Petroli ya kituo chochote huingia kwenye tangi lolote.

Kila siku tunaambiwa kwamba kinachozuia usafiri wa stima Kenya ni stima yenyewe. Ni kweli hupotea, tena wakati mbaya. Lakini karibu asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na ada. Umeme safi tunao.

Tatizo ni kufuli. Mara nyingi mwendeshaji hununua pikipiki, betri ikabaki mali ya kampuni. Mpango huo umepunguza bei ya kuanzia, sikatai. Lakini ndani ya betri mna kompyuta ndogo inayozungumza na pikipiki. Isipoitambua, inakataa kutoa umeme. Hiyo si sheria ya fizikia, ni programu iliyoandikwa na watu kama mimi. Hata volti na umbo la plagi, kuna mtu aliyeketi akaamua.

Sasa jiulize: kampuni ikifunga milango kesho, huyu kijana aliyekopa kununua pikipiki atabaki na nini? Chuma. Na mkopo.

Watajitetea kwamba ni usalama, kwamba betri bandia inaweza kulipuka. Hoja ya kweli, jibu la uongo. Kivinjari chako hukagua cheti cha tovuti ya benki bila benki na kivinjari kuwa na mwenyewe mmoja. Kukagua betri halisi hakuhitaji siri. Kunahitaji kanuni ambayo kila mtu anaweza kuisoma.

Watasema pia wamewekeza pesa nyingi. Sawa, walipwe! Betri ya kampuni A ikitolewa kwenye kabati la B, seva zihesabiane jioni. Mwaka 2018 Wakenya walianza kutumiana pesa moja kwa moja kati ya mitandao tofauti ya simu, na hakuna mtandao uliokufa kwa hilo. Mwaka 2021 Honda, Yamaha, KTM na Piaggio, mahasimu wa miaka mingi, waliungana kutengeneza kiwango kimoja cha betri za kubadilisha. Wakubwa hao wakiweza kuketi meza moja, hawa wetu wanashindwa na nini?

KEBS na EPRA waweke sharti sasa, kabla makabati hayajajaa kila mtaa: bila plagi na itifaki ya wazi, hakuna leseni. Tukingoja, tutakuwa tumetoka utumwa wa petroli tukaingia wa betri.

Haya, nimesema. Anayebisha, aje na hoja.