AFYA YA JAMAA: Walinzi wa Puani

Kiangazi cha Tabora mnakijua. Upepo huinua vumbi, watoto hukohoa, kamasi haziishi. Ndipo mama mwingine hukimbilia dukani kununua vidonge viwili vitatu vya rangi mbili, eti vikaushe mafua ya mtoto. Leo tuongee habari ya vidonge hivyo, kwa maana wengi hawajui vinamfukuza nani.

Tuanze na mambo ya wazee wetu. Zamani misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walipofika kambini, waliotangulia walishika mahali pazuri, penye kivuli, karibu na maji na kuni. Kisha walizungusha boma la miiba. Mtu mbaya aliyekuja nyuma alikuta nafasi imejaa na watu wako macho.

Pua ya mtu ni kambi kama hiyo. Ndani yake wanaishi bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Tumezoea kudhani kwamba wote ni adui. Sivyo! Wengi ni wakaaji wa amani, na tena ni walinzi. Chakula cha puani ni haba; waliotangulia hukila, mgeni akakosa. Wengine hata wana silaha.

Mwaka 2016 wataalamu wa Tübingen, Ujerumani, walieleza habari ya bakteria mmoja wa puani aitwaye Staphylococcus lugdunensis. Huyu hutengeneza sumu inayomwua ndugu yake mbaya, Staphylococcus aureus, aletaye majipu, na akiingia katika damu aweza kumwua mtu. Walipowapima wagonjwa hospitalini, wale wasio na mlinzi huyo, karibu 35 katika kila 100 walikuwa na adui puani. Wenye mlinzi, karibu 6 tu. Mwaka ule ule wataalamu wa Marekani walieleza mlinzi mwingine, ambaye huyavunja mafuta ya ngozi ya puani yakawa asidi. Asidi hiyo humzuia bakteria wa kichomi, yaani homa ya mapafu, ugonjwa unaoua watoto wadogo wengi duniani.

Sasa turudi kwenye vidonge. Vile ni antibiotiki, dawa ya kuua bakteria. Lakini mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Basi mtoto anabaki na mafua yake, na walinzi wake wanakufa. Ni kama mwenye msafara anayesikia mbu usiku, akaondoa boma zima la miiba! Tena adui waliosalia baada ya dawa huwa sugu, na siku ya kichomi cha kweli dawa ile ile yaweza kushindwa.

Je, mama afanye nini? Mtoto mwenye mafua tu apewe maziwa ya mama au vinywaji kwa wingi, apanguswe kamasi kwa kitambaa safi, awekwe mbali na moshi wa jikoni. Watu wote nyumbani wanawe mikono kwa sabuni, na watoto wafundishwe kutochokonoa pua. Kliniki nayo msiikose: tangu mwaka 2013 watoto wa Tanzania huchanjwa chanjo ya kuwakinga na bakteria wa kichomi.

Lakini sikilizeni sana. Walinzi wa puani wana mwisho wa nguvu zao. Mtoto akipumua upesi mno, au kifua kikibonyea ndani apumuapo, au akishindwa kunyonya, msingoje kesho. Mhesabieni pumzi kwa dakika moja: mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akifika 50, au wa mwaka 1 mpaka 5 akifika 40, mpelekeni zahanati mara moja. Wa chini ya miezi 2 akiugua, apelekwe bila kungoja hesabu. Mganga akimpa antibiotiki hapo, ni dawa ya kuokoa maisha. Apewe yote kama alivyoagizwa, asiachiwe njiani kwa sababu amepata nafuu.

Mwenyezi Mungu ameweka askari hata katika pua ya mtoto mchanga. Tusiwafukuze kwa vidonge vya dukani.